Chaki Kabla ya Kifaransa

Mwalimu anayejua kuchora haanzi na macho ya mbuzi. Anaanza na mstari wa mgongo, mrefu, wa mara moja, kutoka shingoni hadi mkiani, halafu anasimama na kuwatazama watoto. Bado haijulikani ni mnyama gani. Huyu anasema ng'ombe, yule anasema mbwa, na mmoja wa benchi la nyuma anasema neno kwa Kilendu ambalo nusu ya darasa hailielewi na nusu nyingine inalichekea kwa kukubali. Mwalimu hajibu. Anashusha miguu ya mbele, anazungusha tumbo, anapanda kichwani, na pembe mbili fupi zinapochomoza darasa zima linapiga kelele. Kila mtoto anamtaja mbuzi kwa lugha ya kwao. Neno la Kifaransa, chèvre, ambalo ndilo somo lenyewe, linaandikwa mwisho kabisa, chini ya kwato, wakati hakuna tena asiyejua linamhusu nani.

Ufundi huu hauna jumba la maonyesho. Unazaliwa saa mbili asubuhi na saa nne unafutwa kwa kitambaa ili hesabu ipate nafasi. Aliyeufanya hatii sahihi. Mkaguzi akija ataomba daftari la maandalizi, hatauliza mbuzi alichorwaje, na mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi haumdai mtoto mchoro wowote. Hata hivyo, nikiulizwa ni sanaa gani iliyofanya kazi kubwa kuliko zote mjini Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, katika miaka hii ya vita, nitataja chaki ya mwalimu wa darasa la kwanza.

Tuanze na ubao. Shule nyingi za hapa hazina ubao wa dukani. Zina kipande cha ukuta kilichosawazishwa kwa saruji, au mbao zilizogongwa pamoja, na weusi wake hutengenezwa kwa mikono: makaa yanatwangwa hadi yawe vumbi, yanachanganywa na maji ya majani yaliyosuguliwa, na rangi inapakwa tabaka juu ya tabaka. Ubao uliopakwa kwa haraka unang'aa, chaki inateleza juu yake, na mtoto aliyekaa pembeni haoni kitu isipokuwa mwanga wa dirisha. Uliopakwa kwa subira ni mweusi usiong'aa, una ukwaruzo mdogo unaoing'ata chaki. Mwalimu mzuri hutambulika kwa ubao wake kabla hajafungua mdomo.

Kisha chaki. Nzima haifai kuchorea, huvunjwa. Kwa ncha yake unapata mstari mwembamba wa sharubu za paka. Ukiilaza ubavu na kuivuta, unapata upana wa paa la nyasi kwa mpigo mmoja. Ukiichovya majini, mstari unatoka hafifu, halafu ukikauka unang'aa kuliko mingine yote. Kidole kinatosha kutandaza vumbi lake na kulifanya moshi au wingu. Yote haya yanafanywa mwili ukiwa upande, bega ukutani, kwa sababu anayewapa mgongo watoto sitini amekwisha kuwapoteza, na pia kwa sababu mchoro ambao watoto hawakuuona ukizaliwa una faida ndogo. Wangeweza kuoneshwa picha iliyochapishwa. Kinachowafunga macho ni kwamba kitu hakikuwapo, na sasa kinakuja.

Ubora wa mchoro wa namna hii haupimwi kwa kufanana na kitu chenyewe. Nimeona walimu wenye mkono mzuri sana, wanaoweza kuchora uso wa mtu ukamtambua, na darasa likalala. Wanatia mno. Fundi wa ubaoni anajua kuacha: mistari kumi kwa mbuzi, sita kwa nyumba, mitatu kwa mto. Mtoto akibakiziwa kazi ya kumalizia kwa akili yake, ameshaingia ndani ya somo.

Sasa, ni nani wanaokaa kwenye mabenchi hayo? Bunia ni mji wa waliofika. Dhahabu ya Kilo-Moto, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1905, ilivuta watu wa kila upande kuja katika nchi hii ya vilima. Vita vya 1999 hadi 2003 viliuvunja mji, na Mei 2003 mapigano ya mitaani yalisukuma maelfu ya watu kujibanza karibu na uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa, mpaka kikosi cha Ulaya kilichoitwa Artémis kikaingia mwezi Juni. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi. Na Desemba 2017 moto wa mapigano ukarudi katika eneo la Djugu. Mwanzoni mwa 2018 familia zilianza kushuka Bunia zikiwa na magodoro kichwani, zikalala kwenye kiwanja kando ya hospitali kuu, na mwaka 2019 kambi ya Kigonze ikafunguliwa pembezoni mwa mji. Tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi. Tarehe 1 Februari 2022 watu zaidi ya sitini waliuawa usiku katika kambi ya Savo, huko Djugu, mahali walipokuwa wamekimbilia. Baada ya kila tukio la namna hiyo, asubuhi chache baadaye, direkta wa shule fulani mjini anakuta mama amesimama mlangoni na watoto watatu wasio na karatasi yoyote.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa bure, kwa hiyo hakuna sababu ya kumrudisha mama huyo. Watoto wanaingia. Darasa lililokuwa na arobaini linakuwa na sabini, na lugha zinazidi kuongezeka: Kilendu, Kingiti, Kihema, Kialur, Kibira, Kinyali, Kindo. Wahema wa kaskazini, kwa wasiojua, huzungumza Kilendu, lugha ya Walendu, ambao redio za mbali huwataja siku zote kama maadui wao. Kwa hiyo yule wa benchi la nyuma aliyemtaja mbuzi kwa Kilendu anaweza kuwa mtoto wa upande wowote, na waliocheka naye pia. Katikati yao ni Kiswahili chetu cha Bunia, ambacho aliyetoka kijijini hajakizoea bado, na juu ya wote ni Kifaransa cha kitabu. Wapo hata waliorudi kutoka Kyangwali, Uganda, walikovuka Ziwa Albert na wazazi wao mwaka 2018. Hao walisomeshwa kwa Kiingereza, na wanapoulizwa jina kwa Kifaransa hujibu kwa Kiingereza, kisha wanaona aibu.

Mtoto wa namna hiyo anaweza kukaa wiki nyingi bila kusema neno. Mwalimu asiye na ujuzi humwandika kuwa mzito. Mwenye ujuzi anampa chaki.

Lakini anampa achore nini? Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa, maana uchaguzi wa kitu cha kuchora ni mgumu kuliko kuchora. Agizo la kawaida ambalo wageni wenye nia njema huja nalo ni "chora nyumba yenu". Nyumba ipi? Iliyoungua, au turubai la Kigonze? Na "chora familia yako" ni hatari zaidi: mtoto anaweza kukaa nusu saa akihesabu ni nani wa kumweka. Ng'ombe naye, ambaye katika kitabu cha picha cha nchi nyingine ni mnyama wa kupendeza tu, hapa si mchoro mwepesi. Ng'ombe na shamba ni maneno ambayo watu wazima wa Ituri wameyapigania tangu kabla ya uhuru, na mwalimu anayemweka ng'ombe ubaoni katika darasa lenye watoto mchanganyiko anajua anasubiri kusikia nini. Ndiyo maana mbuzi. Mbuzi wanafugwa na kila mtu na hawajamgombanisha yeyote, isipokuwa walipokula mihogo ya jirani.

Agizo ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Chora njia uliyopita leo asubuhi kuja hapa." Hakuna asiye na njia. Wa mtaa wa Saio anaweka barabara kubwa, pikipiki, maduka, na daraja la Nyamukau kama analivuka. Wa Kigonze anaweka safu za mahema, foleni ya madumu kwenye bomba, mtaro, mlango wa kambi, kisha mji mzima katikati yake na shule. Karatasi zikitandazwa chini, jambo linajionesha lenyewe: njia ya aliyefika juzi ni ndefu na ina vitu vingi kuliko ya mwenyeji. Yeye aliyekuwa bubu ndiye mwenye habari. Mwalimu anazikusanya njia zote ubaoni ziwe ramani moja, zote zikiishia kwenye lango la shule, na somo la jiografia limekwisha kufundishwa: kaskazini iko wapi, maji yanateremka kuelekea wapi, mbali ni nini. À gauche, à droite, le pont. Maneno haya ya Kifaransa hayasahauliki, kwa sababu mtoto ameyakanyaga kwa miguu yake asubuhi hiyohiyo.

Kuna swali la majina. Ukibandika mchoro ukutani, unaandika wa nani? Katika Ituri jina la ukoo peke yake linaweza kumtangaza mtu kabila lake kwa kila mzazi anayechungulia dirishani. Wakongo tuna bahati ya kuwa na majina matatu, jina, jina la pili, na lile la ubatizo, na walimu wenye busara huwaambia watoto watie sahihi kwa hili la tatu. Ukuta unajaa kina Furaha, Dieudonné, Espérance na Innocent. Kuficha jina kabisa ni kosa, nadhani. Mtoto aliyepoteza kijiji anahitaji kuona mahali fulani pameandikwa kwamba kitu hiki ni chake.

Friedl Dicker-Brandeis alilijua hilo. Alikuwa mchoraji wa Vienna, aliyesomea sanaa katika shule ya Bauhaus nchini Ujerumani, na wakati wa vita kuu ya pili Wanazi walimfunga pamoja na Wayahudi wengine katika geto la Terezín, katika nchi ya Wacheki. Humo, akitumia upande wa nyuma wa fomu za ofisi na chochote kilichopatikana, aliwafundisha mamia ya watoto kuchora. Hakuwaamuru wachore mateso. Aliwafundisha mdundo wa mstari, uzito wa rangi, namna ya kutazama kitu kilichoko mezani mpaka ukione. Mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa wanafunzi wake vivyo hivyo. Alikuwa ameficha masanduku mawili. Ndani yake ilipatikana michoro takriban 4,500, ambayo leo iko katika Jumba la Makumbusho la Wayahudi mjini Prague, mingi ikiwa na majina ya waliochora. Maua ni mengi humo, na madirisha, na meza zilizoandaliwa.

Ninamtaja kwa sababu Bunia imewahi kuona namna nyingine. Gari linafika, kalamu za rangi zinagawiwa, watoto wanaambiwa wachore yaliyowapata, picha za bunduki na nyumba zinazowaka zinapigwa picha, gari linaondoka, na kalamu nazo. Ripoti inapata jalada lake. Sisemi kwamba michoro ya vita haina kazi. Mwaka 2007 shirika la Waging Peace lilikusanya michoro ya watoto wa Darfur waliokimbilia Chad, yapata mia tano, na ikapelekwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kama ushahidi wa mazingira ya uhalifu. Hiyo ni kazi ya mahakama, na iheshimiwe. Darasa lina kazi yake. Mtoto akichora vita bila kuombwa, madamu wa darasa anayejua ufundi wake hafuti na hapongezi, wala hafanyi mkutano juu yake. Anachuchumaa pembeni, anauliza: "Na huyu anayekimbia, anakwenda wapi?" Mtoto akiwa tayari, ataongeza mstari. Asipokuwa tayari, atachora kesho.

Isidhaniwe kwamba kuchora ni kitu kilicholetwa huku na shule. Upande wa magharibi wa mji, ambako vilima vinakwisha na msitu unaanza, kuelekea Mambasa na Epulu, wanawake wa Kimbuti, watu wa msitu huo, wamekuwa wakichora kwa vizazi visivyohesabika. Wanaume hutoa gome la ndani la miti, jamii ya mikuyu hasa, na kulitwanga kwa nyundo hadi lilainike kama kitambaa. Halafu wanawake wanalichukua. Wino wao ni maji meusi ya tunda la gardenia pamoja na masizi au makaa, na brashi ni kijiti au kidole. Mistari inakwenda sambamba, inakatwa, inageuka wavu, wavu unasimama ghafla, na pale ambapo jicho linatarajia muendelezo kuna nafasi tupu imeachwa makusudi. Georges Meurant na Robert Farris Thompson waliziandikia kazi hizo kitabu kizima mwaka 1995, na waliozichunguza wamezilinganisha na uimbaji wa Wambuti, ambamo kila sauti inaacha pengo ili nyingine iingie. Michoro hiyohiyo huchorwa mwilini pia. Msichana hujifunza kwa kukaa karibu na mama au shangazi, akitazama, akijaribu kwenye ngozi kabla ya kupewa gome.

Huko ndiko ningependa walimu wetu waende kusoma, kabla ya kuhudhuria semina ya hotelini. Nimeona zoezi moja darasani ambalo mwanamke wa Kimbuti angelitambua mara moja. Karatasi inaanza mbele na mstari mmoja. Kila mtoto anaongeza wake na kumpa jirani. Hakuna anayeruhusiwa kusema. Aliyefika jana anapokea karatasi kama wengine, anaona pengo, anatia mstari, anapitisha. Dakika ishirini baadaye kuna kitu kimoja kilichofanywa na watu sabini, na hakuna aliyejua kuwa mmoja wao hajui Kiswahili. Ni jambo chungu kwamba Wambuti wenyewe, tangu mashambulizi ya kundi la waasi la ADF yasambae Irumu na Mambasa, nao wamejikuta katika orodha za wakimbizi, na watoto wao katika madarasa ambamo ni nadra mtu kujua nyumbani kwao kuna elimu gani ya mstari.

Baada ya mkono, ulimi. Kule Katanga, miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi hii katika picha zipatazo mia moja, akakaa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian na kumsimulia moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga. Picha zake ni nzuri, lakini zilichorwa ziongelewe. Picha za namna hiyo ziliuzwa kwa watu wa kawaida, zikaning'inia sebuleni juu ya makochi, na mgeni akiuliza, mwenye nyumba anaanza hadithi. Mwalimu wa Bunia anafanya vilevile kwa kipimo cha mtoto. Mchoro ukiisha, anasema, "Haya, utuelezee," na hapo mtoto ambaye hangeweza kujibu swali lolote la kitabu anatafuta maneno kwa sababu ana kitu mkononi cha kusemea. Anaanza kwa lugha ya kwao, mwenzake anatafsiri, madamu anarudisha kwa Kifaransa, yeye anarudia. Nimesikia sentensi za kwanza za Kifaransa zikitoka hivyo, zimevunjika, ila ni zake mwenyewe, hakuzikariri.

Vifaa si tatizo kubwa kama inavyosemwa. Bela, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, alikuwa mgeni aliyetoka Chad, na alipochora katika karakana ya Pierre Romain-Desfossés, iliyoanzishwa mwaka 1946, alitia rangi kwa ncha za vidole vyake, nukta baada ya nukta. Bunia ina udongo mwekundu kila mahali, wa njano ukichimba kidogo, na makaa katika kila jiko. Uji mwembamba wa unga wa muhogo ni gundi inayoshika rangi ya udongo kwenye karatasi na hata ukutani. Udongo wa kufinyanga hupatikana kando ya mito. Programu ya taifa yenyewe inataja kuchora na kufinyanga, kwa hiyo hakuna direkta atakayeshtakiwa kwa kupoteza muda. Kinachokosekana kweli ni karatasi nyeupe na chaki za rangi, na ukuta ambao mchoro unaweza kukaa zaidi ya siku moja.

Basi nina ombi kwa watu watatu. Direkta, acha njia za watoto zibaki ukutani mpaka kila mzazi azione, hata kama mkaguzi anapenda kuta safi. Mzazi, mtoto akirudi na karatasi iliyojaa udongo, usimuulize amepata ngapi, mwambie akuelezee. Nawe mwenye duka la kuchapa mjini, mabaki ya karatasi unayoyachoma nyuma ya nyumba jioni yapeleke shule iliyo karibu nawe, na ukiweza uweke juu yake boksi moja la chaki za rangi. Nyeupe hupatikana kwa kujikakamua. Za rangi hakuna anayezinunua.